Chanjo ya ng'ombe iliyootesha miti Serengeti, na hesabu zilizotuonyesha

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kutoka angani wakapatikana kama laki mbili na nusu hivi. Mwaka 1977 wakahesabiwa tena, wakawa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Kipindi hichohicho moto wa nyika, ambao miaka ya sitini ulikuwa unaunguza sehemu kubwa ya mbuga karibu kila kiangazi, ukaanza kupungua, halafu migunga michanga ikaanza kushika sehemu ambazo watu walizoea kuona nyasi tupu. Hakuna aliyepanda ile miti wala aliyeleta nyumbu kwa malori. Kilichofanyika ni kwamba ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya ugonjwa uitwao sotoka.

Ng'ombe wachomwe sindano huku, miti iote kule. Ukimwambia mtu hivyo bila maelezo atakuona umechanganya habari mbili, na ana haki, maana hakuna mtu anayeweza kusimama sehemu moja akauona huo mnyororo kwa macho. Hifadhi yenyewe tu ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, na mabadiliko yamechukua miaka arobaini na kitu. Hapo ndo hesabu na kompyuta zinaingia, na nataka nieleze taratibu zinaingia vipi, kwa sababu mada hii huwa inaelezwa kwa maneno makubwa (modeli, data, akili mnemba) halafu msomaji anaachwa hajui ndani kuna nini hasa.

Tuanze na sotoka yenyewe. Huu ugonjwa uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ukitokea Pembe ya Afrika, na inaaminika uliletwa na ng'ombe walioshushwa bandari ya Massawa, Eritrea, wakati Waitaliano wanaingia kule. Sehemu nyingi uliua ng'ombe tisa kati ya kumi. Wamaasai kipindi kile cha sotoka, homa ya mapafu ya ng'ombe, ndui na njaa kwa pamoja wanakiita Emutai, na ukisoma habari zake unaelewa kwa nini jina halijafutika. Nyati na nyumbu nao wakafa kwa wingi. Baada ya wimbi la kwanza ugonjwa haukuondoka, ukabaki unazunguka na kila mwaka unapita na ndama, wale ambao kinga waliyopata kwa mama imeisha na ya kwao bado hawajaijenga. Kundi ambalo ndama wake wanakufa hivyo mwaka hadi mwaka haliongezeki, wazima wanazeeka tu.

Kuanzia miaka ya hamsini kampeni za chanjo zikapamba moto, na chanjo nzuri zaidi ikatengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na daktari wa mifugo Walter Plowright. Kufika 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu wa Serengeti. Na hapa kuna kitu cha kusimama nacho kidogo, hakuna nyumbu hata mmoja aliyechanjwa, chanjo zote zilienda kwa ng'ombe.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme mnyama mmoja mgonjwa akiingia kwenye kundi ambalo halina kinga anaambukiza wengine wanne kwa wastani (hiyo nne naichukua kwa mfano). Ukishachanja nusu ya kundi, wawili kati ya wale wanne wanakwepa, mgonjwa mmoja anazaa wagonjwa wawili, ugonjwa bado unasonga. Ukichanja robo tatu, watatu wanakwepa, mgonjwa mmoja anazaa mmoja, ugonjwa unasimama hapohapo bila kukua. Ukipita robo tatu kidogo tu, kila kizazi cha maambukizi kinakuwa kidogo kuliko kilichotangulia mpaka kinakwisha, na hukuhitaji kumfikia ng'ombe wa mwisho porini. Fomula ni moja toa moja kwa ile idadi ya maambukizi: 1 − 1/4, yaani asilimia 75. Ukiiweka nane badala ya nne unapata asilimia 87.5. Sasa kule kwa nyumbu, kutoweka kwa ugonjwa baada ya ng'ombe kuchanjwa kunakwambia kwamba nyumbu peke yao hawakuwa wanatosha kuubeba, walikuwa wanaupata upya kila mara kutoka kwa mifugo, chanzo kilipokauka na wao wakapona. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na sotoka, ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui, na mimi nadhani hatuizungumzii vya kutosha hii habari wakati sehemu yake kubwa imetokea nyumbani kwetu.

Haya, ndama wameacha kufa. Nini kinafuata? Shika kalkuleta. Laki mbili na nusu mwaka 1961, wakiongezeka asilimia 11 kila mwaka, yaani unazidisha kwa 1.11 mara kumi na sita mpaka ufike 1977, unapata kama milioni 1.33. Inakaribia kabisa kile kilichoonekana. Kwa hiyo hakukuwa na muujiza wowote, ni ongezeko la kawaida kwa mnyama ambaye karibu kila jike lililokomaa linazaa ndama mmoja kwa mwaka, ilimradi tu ndama waishi.

Ila endelea kuzidisha. Miaka mingine kumi na sita, mpaka 1993, ile hesabu inakupa nyumbu milioni saba. Hawakufika huko, walisimama kwenye milioni 1.3 hivi wakawa wanapanda na kushuka hapo. Kwa nini?

Mbelgiji mmoja, Pierre-François Verhulst, alishaliandikia hesabu hili swali mwaka 1838. Alichofanya ni kuongeza kipande kimoja kwenye fomula: ongezeko unalizidisha na nafasi iliyobaki. Tuseme Serengeti ina malisho ya nyumbu milioni 1.5, na kasi yao ya kuongezeka wakiwa na nafasi tele ni asilimia 14 (namba za mfano tena). Wakiwa laki tatu, nafasi iliyobaki ni asilimia 80, kwa hiyo mwaka huo wanaongezeka 300,000 × 0.14 × 0.8, ambayo ni 33,600. Wakiwa laki saba na nusu nafasi ni nusu, wanaongezeka 52,500. Wakiwa milioni moja na laki mbili nafasi ni asilimia 20 tu, wanaongezeka tena 33,600, ileile ya mwanzo, ingawa sasa kundi ni kubwa mara nne. Fanya mwenyewe kwa milioni moja na nusu kamili uone inavyotoka sifuri. Kutoka kwenye kamstari kamoja ka fomula umepata picha ya kundi linaloanza polepole, linakimbia katikati, halafu linapunguza mwendo na kutulia.

Ila fomula haikwambii ile nafasi ni kitu gani. Ni maji? Simba? Magonjwa mengine? Hilo inabidi uende porini. Simon Mduma, Mtanzania aliyekuja kuiongoza TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori, yeye pamoja na Anthony Sinclair na Ray Hilborn walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa kumbukumbu za miaka arobaini, na jibu lao lilikuwa chakula, tena chakula cha kiangazi. Nyumbu wazima wa Serengeti wengi wao hawafi mdomoni mwa simba, wanakufa wamekonda mwishoni mwa kiangazi. Mvua ikinyesha hata kidogo katika miezi ile mikavu majani mabichi yanachipua, na kila nyumbu anapata zaidi. Mwaka 1993 ukame ulipiga vibaya na hesabu ya mwaka uliofuata ikashuka mpaka karibu laki tisa. Kwa hiyo ule ukuta wa milioni 1.5 niliouweka kwenye mfano si ukuta wa kudumu, unasogea kila mwaka kufuata mvua, na modeli nzuri (modeli ni fomula kama hizi zinazoiga kinachotokea porini) inauacha usogee.

Kabla hatujaenda kwenye miti kuna onyo lazima nilitoe, maana watu wengi wakiona fomula wanadhani kazi yake ni kutabiri. Robert May, Mwaustralia aliyeanzia kwenye fizikia akahamia ikolojia, alionyesha mwaka 1976 kwamba hata fomula rahisi ya aina ile ya Verhulst inaweza kukataa kutabirika. Jaribu hii: chukua namba kati ya sifuri na moja, izidishe na moja toa yenyewe, halafu zidisha kwa 4, jibu ulilopata lirudishe tena humo, rudia. Ukianza na 0.3 unapata 0.84, halafu 0.538, halafu 0.994, halafu 0.022 na kuendelea, hatua ya nane uko 0.45 hivi. Sasa anza na 0.301, tofauti ya sehemu moja tu ya elfu, hatua ya kwanza unapata 0.842, huoni tofauti, lakini hatua ya nane uko 0.72. Hamna bahati nasibu humo ndani, hamna hali ya hewa, fomula ni ileile, na bado kosa dogo la kuhesabu mwanzoni limekuharibia utabiri wote. Nyumbu hawaendi hivyo kwa sababu wanazaa kidogo na kuishi miaka mingi, idadi yao haiwezi kuruka mara nne ndani ya msimu mmoja. Wadudu wanaotaga mayai mamia ni habari nyingine. Kwa hiyo mtu akikuletea modeli ya kiumbe chochote swali la kwanza muulize kinazaa kwa kasi gani.

Sasa miti.

Wazo lenyewe ukilisema kwa maneno linaeleweka haraka: nyumbu milioni moja wanakula nyasi nyingi mno, nyasi zikiliwa kiangazi kinafika hakuna majani makavu ya kuungua, moto ukikosa majani unakuwa mdogo au haufiki mbali, na mche wa mgunga ambao zamani ulikuwa unaungua kila mwaka kabla haujafika urefu wa kuuvuka moto, sasa unapata miaka kadhaa ya kupumua unakuwa mti. Safi. Lakini wazo linaloeleweka haraka si lazima liwe kweli, na hapa palikuwa na maelezo mengine manne au matano ambayo nayo yanaeleweka haraka. Miaka ya sabini na themanini majangili waliua tembo wengi sana, na tembo ndo wanaoangusha miti, kwa hiyo labda miti imeongezeka kwa sababu tembo wamepungua. Labda ni mvua. Labda ni hewa ya ukaa iliyoongezeka angani, inayoisaidia miti kuliko nyasi. Mabadiliko haya yote yalikuwa yanatokea kipindi kimoja, na Serengeti ya pili isiyokuwa na chanjo ya kulinganishia haipo.

Ricardo Holdo na wenzake, Sinclair akiwemo, mwaka 2009 walitoa utafiti ambao kwangu ni mfano mzuri kuliko yote wa nini hesabu inaweza kufanya kwenye ikolojia. Walikusanya kumbukumbu za miaka 44: idadi za nyumbu, idadi za tembo, eneo lililoungua kila mwaka, mvua, na picha za zamani za miti zilizopigwa sehemu zilezile miaka tofauti. Halafu kila nadharia wakaiandika kama mnyororo wa hesabu. Nadharia moja inasema mshale unatoka kwa nyumbu kwenda kwa nyasi kwenda kwa moto kwenda kwa miti. Nyingine inasema mshale unatoka kwa tembo kwenda kwa miti moja kwa moja. Nyingine inachanganya. Kompyuta inachukua kila mnyororo, inajaribu maelfu kwa maelfu ya namba ndani yake, na kuuliza: kama dunia ingekuwa inaenda hivi, data tuliyonayo ingekuwa na uwezekano gani wa kutokea?

Ugumu mkubwa ni kwamba data zenyewe zina makosa, na makosa yanajificha kama ukweli. Ukipima gunia la mahindi leo kwenye mizani mbovu ukapata kilo 96, kesho ukapima lilelile ukapata 103, gunia halijaongezeka, mizani imecheza. Kwa hiyo walitumia aina ya modeli yenye tabaka mbili, chini kuna idadi halisi ya nyumbu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona, inayobadilika kwa kuzaliwa na kufa, juu kuna namba iliyoandikwa baada ya ndege kutua, ambayo ni ile ya chini pamoja na kosa la kuhesabu. Kompyuta inakadiria vyote viwili pamoja. Ukikosa hilo tabaka la juu utajikuta unatafuta sababu ya kibaolojia ya jambo ambalo ni rubani alipitiwa na kundi nyuma ya kilima.

Matokeo: mnyororo wa sotoka, nyumbu, nyasi, moto, miti ndo ulibeba uzito mkubwa. Tembo wana mchango wao lakini kwa kiwango cha mbuga nzima moto ulikuwa na nguvu zaidi. Na kwa kuwa miti na udongo usioungua vinashika kaboni, Serengeti ikawa imegeuka kutoka eneo linalotoa kaboni kwenda angani na kuwa eneo linaloihifadhi. Kwa hiyo kampeni ya afya ya mifugo ya miaka ya hamsini na sitini imefika mpaka kwenye hesabu za tabianchi, na waliokuwa wanashika zile sindano hawakuwa na namna yoyote ya kulijua hilo.

Modeli ya aina hii ukishakuwa nayo unaweza kuiuliza maswali ya mambo ambayo hayajatokea, na huko ndo inagusa siasa. Mwaka 2010 kulikuwa na mjadala mkali wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Upande mmoja watu wanahitaji barabara, ni haki yao, mtu wa Loliondo au Mugumu naye anaumwa na anauza mazao. Upande mwingine kuna njia ya nyumbu kwenda Masai Mara, Kenya. Holdo na wenzake mwaka 2011 wakaiendesha modeli yao hivi: wacha nyumbu ndani ya kompyuta watembee kufuata majani na mvua, halafu weka kizuizi pale barabara inapopita, tazama. Kama kizuizi kingewakatia kabisa malisho ya kaskazini, idadi ilishuka kwa takriban theluthi moja. Na sababu kuu haikuwa nyumbu kugongwa na magari, ilikuwa ni kilekile kiangazi: kaskazini ndiko majani yanabaki wakati kusini kumekauka. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilizuia barabara ya lami kupita kipande kile. Sisemi modeli ndo iliyoshinda kesi. Ninachosema ni kwamba bila modeli mjadala ungebaki wa hisia kwa hisia, na kwa modeli unaweza kumuuliza mwenzako hasa ni kipande gani cha mnyororo anachokikataa.

Kenya walishaona kinachotokea kwa njia za wanyama zikizibwa. Joseph Ogutu, mwanatakwimu Mkenya aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, alichambua na wenzake hesabu za ndege za serikali ya Kenya toka 1977 hadi 2016 wakakuta wanyamapori wa maeneo ya nyanda kavu wamepungua kwa wastani wa asilimia 68, huku kondoo na mbuzi wakiongezeka. Hiyo kazi ni takwimu tupu, hamna drama, jedwali baada ya jedwali, na ni moja ya vitu vya kuumiza zaidi nilivyowahi kusoma kuhusu nchi hizi.

Lakini yote haya yanasimama juu ya kitu kimoja, kuhesabu, na kuhesabu ndo kazi ngumu kuliko fomula zote. Huwezi kuhesabu nyumbu wote. Ndege inapita kwenye mistari, tuseme kila kilomita tano, kamera inapiga ukanda wa mita mia tano chini yake, kwa hiyo umeona sehemu moja ya kumi. Ukikuta laki moja na elfu ishirini kwenye picha unazidisha kwa kumi, unapata milioni 1.2. Shida ni kwamba nyumbu hawajisambazi sawasawa. Ukanda mmoja una elfu thelathini, unaofuata una nyumbu kumi na saba tu, unaofuata hauna kitu. Makundi yakijipanga vile, ukihamisha mistari yako kilomita mbili tu unapata jumla nyingine. Ndo maana kila hesabu inakuja na kosa lake, na kosa likiwa laki mbili kila upande basi ile milioni 1.2 inaweza kuwa milioni moja au milioni 1.4, na mtu akisema mwaka huu wamepungua asilimia 10 huna uwezo wa kumkubali wala kumkatalia. Magazeti huwa yanachapa ile namba ya katikati peke yake, na ninatamani waache.

Halafu kuna zile picha zenyewe. Maelfu ya picha, kila moja mtu anakaa anaweka doti juu ya kila nyumbu, wiki kwa wiki. Kompyuta imesaidia sana hapa. Kwa kompyuta picha ni jedwali la namba, kila pikseli ina namba kutoka 0 (nyeusi) mpaka 255 (nyeupe). Programu inachukua kijiraba kidogo cha namba, inazizidisha na namba zake yenyewe, inajumlisha, na jibu likiwa kubwa maana yake hapo kuna kona au mstari au duara. Inarudia hivyo tabaka juu ya tabaka, kona zinakuwa miguu, miguu na mgongo vinakuwa mnyama. Zile namba zake za kuzidishia hakuna mtu anayezipanga, inaanza na za ovyo, inakosea, inaonyeshwa jibu la binadamu, inazirekebisha kidogo, mara mamilioni. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow pamoja na wa TAWIRI walilinganisha programu kama hiyo na macho ya watu kwenye picha za ndege za Serengeti, na ilikaribia sana hesabu za wataalamu.

Kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa kamera za kufunga kwenye miti, Snapshot Serengeti, ulioanza mwaka 2010: kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, zinajipiga zenyewe kitu kikipita. Zilitoa picha milioni 3.2, na kama robo tatu ya picha hazina mnyama, ni nyasi zimetikiswa na upepo. Maelfu ya watu wa kujitolea duniani kote walizipitia moja moja. Mwaka 2018 watafiti walizifundishia programu ikatambua aina 48 za wanyama, na kwa asilimia 99.3 ya picha ilifanya kazi kwa usahihi uleule wa wale watu, wa asilimia 96.6, kwa kuachiwa zile tu ambazo yenyewe ina uhakika nazo na zilizobaki wanarudishiwa binadamu. Hilo la mwisho ndo la maana. Swala tomi yuko kwenye picha maelfu, programu inamjua kama jirani yake, lakini mnyama adimu aliyepita mara chache hana picha za kutosha kufundishia, na huyo adimu mara nyingi ndo unayemtafuta.

Na sasa kuna satelaiti. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliohesabu nyumbu na pundamilia karibu laki tano kwenye picha zilizopigwa kutoka angani ya mbali, ambapo mnyama mmoja ni pikseli tatu au nne kwa urefu, doa tu, na programu inabidi ilitofautishe na kichaka na kivuli chake. Halafu Septemba 2025 ukatoka mwingine, kwa picha za Agosti 2022 na 2023, modeli mbili tofauti za akili mnemba, na zote mbili zikasema nyumbu wanaohama hawafiki laki sita.

Laki sita, wakati tumezoea kusikia milioni 1.3. Ni tofauti kubwa mno kuipita hivihivi, na wala si ya kukimbilia kutangaza kwamba nusu ya nyumbu wamekufa. Hesabu za ndege hufanyika nyumbu wakiwa kwenye nyanda za nyasi fupi kusini, wazi kabisa, za satelaiti zilikuwa za kiangazi, wanyama wako kaskazini kwenye miti na vichaka, na satelaiti haioni chini ya mti. Inawezekana pia baadhi walikuwa nje ya eneo la picha. Na inawezekana hesabu za zamani zilizidisha makundi makubwa kupita kiasi. Dawa ya hilo inajulikana: ndege na satelaiti wiki moja, eneo moja, pamoja na nyumbu wenye kola za GPS ili ujue wangapi kati ya wale unaojua kabisa walipo programu imewaona na wangapi imewakosa.

Ila kuna njia nyingine ya kupima, na inatoka kwenye ule mnyororo wa Holdo. Nyumbu laki sita wanakula chini ya nusu ya nyasi wanazokula nyumbu milioni moja na laki tatu. Kama upungufu ni wa kweli basi zile nyasi zimebaki zimesimama, zimekauka, na kitu fulani kimezifanya: ama zimeungua, ama zimeliwa na mnyama mwingine. Moto wa Serengeti satelaiti zinaurekodi toka mwaka 2000 na ramani zake ni za bure, yeyote mwenye laptopu na bando anaweza kuzipakua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa pembezoni nao wanahesabika, itabidi watolewe kwenye hesabu, na ile mioto inayowashwa makusudi na wahifadhi itabidi itengwe na inayojiendea yenyewe. Mwanafunzi wa takwimu kwenye chuo kikuu kama UDSM au SUA ana kila kitu anachohitaji kuanza: mvua, moto, mifugo, miaka zaidi ya ishirini, na namba mbili za nyumbu ambazo haziwezi zote kuwa sahihi.